Wawindaji Chini ya Gome

Mwaka tuliomzika baba, msonobari alioupanda uani kwetu Musonoi ulianza kukauka kutoka kileleni. Shina lilijaa vitundu vidogo, na kila asubuhi unga wa mbao ulikuwa umemwagika chini. Mama, akiwa bado na nguo nyeusi za msiba, aliufagia.

Jirani yetu, dereva wa lori aliyetoka Maniema, naye alikuwa na msonobari ng'ambo ya njia. Siku moja alikuja na pampu ya dawa mgongoni.

"Mama, niruhusu nipulize," alisema kwa upole. "Wadudu hawa wakivuka, na wangu utakufa."

Mama alimwomba asubiri. Alichukua kisu, akabandua gome. Chini yake vidudu vyeusi, vidogo kama punje za mtama, vilikuwa vimechimba njia kila upande. Mdudu mwingine, mwekundu kifuani na mwepesi kama siafu, alikamata kimoja, akakigeuza, akakitafuna.

"Angalia," mama alisema kwa Kiswahili chetu cha Musonoi. "Huyu anakula bale benye kuua muti. Ukitia dawa, bote batakufa."

"Lakini wako wachache, mama."

"Njo maana sitaki ubaue."

Jirani hakuridhika, ila hakutaka kubishana na mjane. Akaondoka na pampu yake.

Nilitamani sana mti ule upone. Kila niliporudi kutoka sokoni Manika, nilitazama juu kwanza. Siku mvua zilipoanza, haukuwa na jani bichi hata moja. Siku hiyo mama alilia kuliko alivyolia makaburini. Nilimshika mkono.

Alipotulia, alirudi kwenye shina. Wale weusi walikuwa wamekwisha kuhama, lakini wekundu wengine walibaki wamejificha magomeni. Alibandua vipande walimokuwa, akavipanga kwenye beseni, tukavuka njia.

"Tata, muti yangu imekufa," alimwambia jirani kwa heshima. "Hawa habana tena kazi kwangu. Ubapokee."

Jirani alilipokea beseni kwa mikono miwili, akaviegemeza vipande kwenye shina la mti wake, kimoja kimoja.

Msonobari wetu tuliukata. Wa jirani ulipoteza matawi ya juu, lakini umesimama hadi leo. Sijui kama ni wale wadudu waliouokoa, na mama hajawahi kusema hivyo. Asubuhi nyingine namkuta kule kwa jirani, wamesimama wawili, wanalichunguza gome.