Ukoo Ulioanzia Dirishani

Bosi wangu wa duka la simu hapa Isipingo, Durban, ni Mchina. Kwao jina la ukoo hutangulia, la mtu mwenyewe hufuata. Kila asubuhi alinihubiria ukoo wake: wafalme, majenerali, washairi, utadhani China nzima imezaliwa kwao. Nami nafuta vumbi kwenye kava za simu, naitika, bosi ni bosi.

Alipopata mtoto, nilimsindikiza kumwandikisha kwenye ofisi ya vizazi. Karani wa dirishani, bila kuuliza, akachukua jina la mwisho la baba, lile analoitwa na mama yake, akaliandika kuwa la ukoo wa mtoto. Tukalalamika.

"Eish, rudini mwezi ujao."

Tumerudi mara nne, jina bado ni lile lile. Haya, hongera: ukoo mpya umezaliwa Durban, na mwanzilishi wake mtukufu ni karani aliyekuwa anawahi chai.