Tembo wa Sahani za Akina Mama

Mwezi uliopita nilirudi Elerai kumsalimia bibi, nikakuta tembo wetu wa ukutani amepigwa X nyekundu ubavuni. Kama umeishi nchi hii huna haja ya kuelezwa maana yake. Ukuta umo ndani ya hifadhi ya barabara, barabara inapanuliwa, utabomolewa, mambo yamekwisha. Nilisimama pale na begi langu begani.

Ngoja nikueleze habari za tembo huyo. Jirani yetu alikuwa fundi mwashi, tena si wa kujenga vyoo. Hoteli za watalii mjini zilimwita kujenga mageti yenye nguzo za umbo la mkuki, twiga wa saruji mlangoni, kuta za mviringo kama boma. Wageni walizipiga picha, na sisi watoto tukisogea karibu, mlinzi alitufukuza. Siku moja fundi akasema amechoka kuwapambia watu wanaolala siku mbili na kuondoka. Akaanza kumjenga tembo kwenye ukuta wake mwenyewe, upande wa barabara, na Mlima Meru nyuma ya tembo. Marumaru za hotelini hakuziweza. Akapita nyumba kwa nyumba akiomba sahani na vikombe vilivyovunjika.

Hapo lazima ujue desturi ya akina mama wa mtaa wetu. Pakiwa na msiba au kipaimara, vyombo viliazimwa kila nyumba, na ili visipotee, kila mama aliweka alama yake chini ya sahani. Bibi, ambaye tulimwita koko, alikwangua msalaba kwa msumari. Mke wa mchungaji aliweka rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka milango. Mama yangu aliweka tone la rangi ya kucha, nyekundu kabisa, na alinunua chupa nzima akidai ni ya sahani tu. Koko aliangalia vidole vya miguu vya mkwewe, akaguna, akaendelea kukoroga loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando. Shughuli ikiisha wanawake walikaa uani wakigeuza sahani moja moja, maji yakiwatiririka viwikoni, kila mmoja akitafuta yake, na vicheko vya pale hata kwenye msiba vilikuwa vitamu.

Sisi watoto tulipewa kazi ya kuosha vigae kwenye karai. Mpaka leo nikisikia harufu ya saruji mbichi naiona mikono yangu imekauka na kupauka. Fundi alivipachika vigae, lakini akavigeuza: maua ndani, makalio nje. Akina mama walikuja juu. Ndiyo nini kuwaonyesha wapita njia makalio ya vyombo vyetu?

"Maua hayo yamechorwa kiwandani," fundi akawajibu. "Hizi alama mmeziweka nyie."

Walinuna wiki nzima. Kisha Jumapili wakitoka kanisani nikaanza kuwaona, mmoja mmoja, wakipunguza mwendo kwenye ule ukuta na kugusa kigae fulani harakaharaka, kama wanaofuta vumbi.

Mama alifariki nikiwa chuoni. Vyombo vyake walichukua mawifi, nguo wakachukua dada zake, na sikuwa na kinyongo, ndivyo inavyokuwa. Kilichobaki chenye alama ya mkono wake kilikuwa kigae kimoja, chini ya sikio la tembo. Sikio limechomoza, kwa hiyo jua na mvua havikukifikia, na lile tone lilikuwa bado jekundu. Nina binti mwenye jina la mama yangu, ambaye hakumkuta. Nilikuwa nimepanga kumleta likizo nimnyanyue aliguse. Sasa nilitaka kigae hicho tu. Ukuta mzima sikuuwaza hata kidogo.

Nilianzia ofisi ya barabara, kuuliza kama kuna namna. Kijana niliyemkuta alikuwa mpole, jambo lililonivunja nguvu zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana. "Dada, hata ningekuwa mimi ningeumia," akasema. "Lakini foleni ya pale si unaijua?" Naijua. Nimeilaani mara nyingi mno.

Nikaenda kwa fundi. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia, anaukalisha mapajani kama mtoto wa kuazima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumuaga?"

Nikamwomba kigae cha mama. Akasema nichukue, kama kitakubali. Tukaazima patasi na nyundo, na yeye akakaa kwenye kiti chake akinielekeza kwa mkono wa kushoto: piga pembeni, usikaze, anzia chini. Nilifanya yote aliyoniambia. Saruji haikutikisika. Kigae kililia mara moja kikasagika, tone jekundu likadondoka pamoja na unga mweupe kwenye vumbi, na nilipoinama sikuona tena kipi ni kipi.

"Nisamehe," fundi akasema. "Nyie watoto mlikuwa wakorofi. Niliweka saruji ya kutosha ili msiving'oe."

Mzee wa watu akaniomba radhi kwa kujenga vizuri. Nikamwambia si kitu, baba. Nilikuwa nalia huku nasema.

Siku hizi pakiwa na msiba Elerai, vyombo vinakodishwa pamoja na maturubai na viti. Sahani ni nyeupe zote, hazina alama, na jioni zinapakiwa kwenye gari kabla wanawake hawajakaa chini. Kazi imepungua, siwezi kusema vinginevyo, na barabara ikikamilika nitaipita kama kila mtu. Binti yangu akiniuliza bibi yake alikuwaje, nitamwambia alipenda rangi nyekundu. Atataka kuona, watoto wa sasa lazima waone. Itabidi aniamini tu.