Neno la Babu Alilotunga VJ

Leo bibi yangu ameagwa na mtu wa kwenye TV, na mimi nimekaa hapa sijui nifanye nini.

Nilimletea ile filamu ya maisha ya kamanda mmoja wa jeshi wa zamani. Babu alikuwa dereva wake. Askari walimchukua babu hapa hapa nyumbani Kisugu, bibi akiwa sokoni, na hakurudi.

Nakala niliyopata Wandegeya imetafsiriwa na VJ. Si mnawajua, wanaongea Kiganda juu ya sauti za waigizaji na kuongeza chumvi zao.

Basi, kwenye filamu askari wanamchukua dereva. Anageuka mlangoni, anaangalia nyumba, kimya. Mdomo haufunguki kabisa.

VJ akamsemea: "Mwambieni mke wangu asinisubiri."

Bibi haoni vizuri siku hizi. Anasikia tu.

"Rudisha hapo," akaniambia.

Nikarudisha.

"Kumbe aliniachia neno. Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniletea."

Jamani, hizi filamu za watu wa kweli zinanikera. Huyo dereva ana mke, yuko hai, amekaa kwenye kiti chake Kisugu. Nani alimuuliza?

Nikazima TV nimwambie ukweli. Nikaenda kwanza kunywa maji, kutafuta maneno.

Koti la babu limening'inia nyuma ya mlango tangu siku ile. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Nimerudi, nimemkuta analikunja.

Mngekuwa nyinyi, mngemwambia?