Dakika Tatu za Mama Mdogo

Redio yetu ya Tanga iliponunuliwa na kampuni ya Dar es Salaam, tuliletewa zulia jipya, mashine ya kahawa na kompyuta ya kuchagua nyimbo. Mimi niliyekuwa nazichagua nikabakiwa na kazi ya kutaja saa. Zulia lilikuwa zuri.

Kanuni ilikuwa moja: wimbo usizidi dakika tatu na nusu. Msikilizaji wa siku hizi, tuliambiwa kwenye semina, hana subira. Huku kwetu wanawake hukaa tangu alasiri mpaka magharibi wakisikiliza nyimbo chache tu za taarabu, lakini mwendesha semina hakuniuliza, nami nilikuwa nakula sambusa zake.

Wakati huo mama yangu na mdogo wake walikuwa hawasemezani, mwaka wa pili. Bibi, mama yao, alifariki asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo alasiri. Mama mdogo, ambaye ni mwimbaji wa taarabu, alikuwa Muheza akiimba arusini, simu kaizima. Alipofika nyumbani Pongwe watu walishatoka makaburini. Mama alimwuliza neno moja tu, "Umeimba?" kisha akafunga mlango.

Mama mdogo hakubisha hodi tena. Alitunga wimbo. Kwetu jambo zito halisemwi uso kwa uso; huimbwa mbele ya umati, na mwenyewe hujijua. Ulikuwa wimbo wa dakika kumi na moja. Beti mbili za kwanza zilimsuta aliyefunga mlango, tena kwa maneno ya kuchoma. Tatu za mwisho zilikiri kosa na kuomba radhi. Taarabu ndivyo inavyokwenda: unamchokoza mtu kwanza ili akae asikilize.

Aliuleta redioni, na kwa kanuni ile usingepigwa. Nikaukata mimi. Nilipunguza kinanda cha mwanzo, nikabakiza beti mbili na kiitikio, basi. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka usikike mikoa yote, na nilitaka bosi mpya aone kwamba semina iliniingia. Kompyuta ikaupenda, ikawa inaupiga mara sita kwa siku.

Mama huzima redio akienda kulala tu. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Mdogo wangu ananisema mchana kutwa," aliniambia, "na wewe ndiye unayemshikia kipaza sauti."

Nikampigia mama mdogo.

"Umekata wapi?" aliuliza.

"Baada ya ubeti wa pili."

"Ungekata mwanzo, mwanangu. Mwisho ndiko nilikokuwa nakwenda."

Nilimwomba meneja aurudishe mzima. Akanionyesha kwenye kompyuta kwamba wimbo unafanya vizuri. Nikampelekea mama wimbo kamili kwenye simu yangu. Aliusikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Hayo ya mwisho mmeyaongeza. Redioni hayamo."

Niliona aibu, wala sifichi. Tangu nianze utangazaji nilikuwa namhimiza aiamini redio.

Kisha ikaja arusi ya jamaa Tongoni. Mama hakuweza kukosa, na mwimbaji aliyealikwa alikuwa mdogo wake. Mama alikaa mkeka wa nyuma kabisa, mkoba mapajani. Ubeti wa pili ulipokwisha, wanawake wakapiga vigelegele wakakaa, na mshereheshaji akanyoosha mkono apewe kipaza sauti. Hata mpiga kinanda, aliyekodiwa siku hiyo tu, aliacha. Naye nyumbani ana redio.

Mama mdogo hakukitoa kipaza sauti. Akaendelea peke yake, bila kinanda, huku watu wakitazamana kama wamemkuta mgeni chumbani. Ubeti wa tatu ulipita hivyohivyo. Kwenye wa nne mama aliinuka, noti mkononi, akaenda mbele kwa mwendo wa mtu anayekwenda kugombana. Akamtunza mdogo wake, kama wanavyotunzwa waimbaji, na kwenye mkeka hakurudi. Ubeti wa tano haukuimbika. Walikuwa wanalia wote wawili, nami pia.

"Wimbo mrefu ule," mama alisema njiani.

Redioni bado unapigwa ule wa dakika tatu. Ukifika pale nilipoukata linaingia tangazo la sabuni, na mama, jikoni kwake Pongwe, huzima redio akaumalizia mwenyewe, beti zote tatu. Sauti hana.