Uso Hula Picha

Mjini walimwita Bwana Subiri, maana ukimwendea akupige picha ufukweni, neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni hilo. Subiri jua lishuke kidogo. Subiri wingu lipite. Subiri yule mwenye mbwa aondoke. Watu wa harusi walimkimbia zamani. Bibi harusi gani atasubiri wingu? Lakini wachapishaji wa kalenda walimpenda, kwa sababu hakuna aliyejua kuipiga bahari kama yeye.

Na hakuna bahari yake isiyokuwa na mtu. Hilo alilishika kama dini. Bahari tupu, alisema, ni maji tu. Weka mtu mmoja, mdogo, pembeni wala si katikati, mwanga umpige ubavuni, hapo ndipo mtazamaji atakapoiona mbingu ilivyo kubwa. Mtu mwenyewe asitazame kamera hata kwa bahati mbaya. "Uso hula picha," alipenda kusema. Ukiuweka, kila mtu anaukodolea macho, na bahari uliyoihangaikia tangu alfajiri inageuka pazia la studio.

Mtu huyo alikuwa mkewe. Alianza kumsimamisha ufukweni tangu uchumba wao, akimwita "mtu wangu", na mama wa watu akadhani ni mahaba. Yalikuwa mahaba, sikatai, ila yalikuwa na kazi ndani yake. Miaka nenda miaka rudi alisimama pale na gauni lake jekundu, upepo ukimchapa, akiambiwa songa kushoto, rudi kidogo, inua kichwa, usigeuke. Kalenda zikatapakaa kila ofisi, kila duka la dawa. Majirani wakambandika jina la Mama Mgongo. Alicheka nao, kisha akirudi ndani anamwambia mumewe, "Nawe siku moja nipige na uso basi, nijue kama bado ninao."

"Subiri mwanga uwe mzuri," anajibiwa.

Simu za kupiga picha zilikuwa hazijaingia bado, na filamu ilikuwa ya kazi, haichezewi. Mwanga mzuri ulipokuja, alimgeuza atazame maji.

Halafu akili ya mama ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Chumvi ikaingia kwenye chai. Akaanza kuwaita majirani kwa majina ya watu waliokwisha kufa. Bwana Subiri aliona, akajidanganya kuwa ni uchovu. Ufukweni mkewe hakuwa na tatizo lolote. Alisimama vizuri kuliko zamani, hata hachoki.

Asubuhi moja alimwacha karibu na maji, akapanda miamba ili ampige kutoka juu, nyayo zake zikionekana mchangani zimenyooka hadi alipo. Akamwambia asisogee. Alipofika juu, wingu likafunika jua. Akasubiri, kama kawaida yake, jicho mbinguni. Jua lilipotoka akainama kwenye kamera, na mchanga ulikuwa hauna mtu. Maji yalikwisha kufuta nyayo, hakujua ameelekea baharini au barabarani.

Alikimbia mpaka pumzi zikamkatika. Aliingia majini na viatu vyake, akaita mpaka sauti ikakauka. Mchana akaishia kituo cha polisi, nguo zimemganda mwilini kwa chumvi.

"Leta picha yake," askari wa zamu akasema. Alikuwa mtu mzima, mpole.

"Ndiye huyo hapo nyuma yako."

Askari akageuka. Ukutani kulikuwa na kalenda: bahari, mbingu ya asubuhi, na pembeni mwanamke mdogo mwenye gauni jekundu, amewapa mgongo.

"Mzee, unanitania?"

"Ndiye mke wangu, afande."

"Sasa nitamtafutaje mtu kwa kisogo? Nenda nyumbani, niletee yenye uso. Hata ya zamani."

Kitambulisho cha mkewe kilikuwa ndani ya pochi aliyoondoka nayo. Bwana Subiri akajifungia na makasha yake ya filamu, akazipitisha moja moja kwenye taa. Mgongo. Mgongo. Mgongo na mwavuli. Mkewe akiwa kijana, mkewe akinenepa, mkewe akianza kupinda bega, miaka yote ya ndoa kwa nyuma. Picha ya harusi waliyopigwa na mtu mwingine ilikuwepo, lakini humo bibi harusi ameinamisha kichwa kwa haya, unaona shela tu na ncha ya pua. Alimwaga makasha yote sakafuni, akayapekua kwa mikono miwili kama kuku. Alilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Dunia nzima ilikuwa imemwona mkewe, na hapakuwa na mtu wa kumtambua.

Akarudi kituoni mikono mitupu.

"Basi nieleze kwa maneno," askari akasema. "Ana alama yoyote?"

Hapo Bwana Subiri akapata nguvu. Jicho si ndiyo kazi yake? "Ana alama nyeusi ya kuzaliwa shavuni. Shavu la kushoto, chini ya jicho, kama punje ya mharage. Huwezi kuikosa."

Kwa maelezo hayohayo akazunguka mji mzima: sokoni, stendi, nyumba za ibada. Alipofika hospitali kubwa, muuguzi wa mapokezi alimsikiliza vizuri, akafikiri.

"Tunaye mama mmoja hajui jina lake, alikutwa kando ya barabara. Hana mkoba wala nini. Ana alama shavuni, lakini iko kulia."

"Una hakika ni kulia?"

"Nimemsafisha mimi mwenyewe asubuhi, baba."

"Basi siye," akasema. Hakuomba hata kumchungulia. Nje jua lilikuwa linashuka, na alitaka kuupitia ufukwe tena kabla giza halijaingia. Muuguzi akamwombea heri.

Siku zikapita hivyo. Aliacha kula. Kila kitu chekundu alichokiona majini kilimfanya apige kelele, ikawa ndoo, ikawa boya, na vijana wa ufukweni wakaanza kumkwepa. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe anayeishi mbali, alipowasili na begi mkononi, akataka kuambiwa yote tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka palipotajwa alama.

"Shavu la wapi, shemeji?"

"La kushoto."

"La kulia! Dada yangu ana alama shavu la kulia! Umelala naye miaka yote hiyo, hujui?"

Alifungua mdomo kubisha, akainua mikono kifuani kana kwamba ameshika kamera, akainamisha kichwa kuichungulia. Kamera yake ilikuwa ile ya kizamani, unayoiinamia kwa juu ukatazama kioo. Kioo kile hugeuza mambo: kulia huwa kushoto. Kila asubuhi, kabla hajamwambia ageuke, aliuona uso wa mkewe humo kwa kitambo kidogo, na huo ndio uso aliokuwa nao kichwani. Nyumbani alimwona kama mtu anavyouona mlango wa chumba chake.

"Yuko hospitali," akasema. "Nilifika, shemeji. Nilifika mpaka mlangoni."

Muuguzi yule yule aliwapeleka wodini bila maneno mengi. Kitanda kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha. Mama alikuwa ameketi juu yake, amekonda, uso ameuelekeza nje kwenye mwanga. Bwana Subiri alimjua akiwa bado mlangoni. Lile bega, ile shingo; angemtoa katikati ya watu elfu. Shemeji akaanza kulia kwa sauti. Yeye hakusimama. Alipita kitanda kwa kitanda, akamzunguka mkewe, akasimama mbele yake dirishani.

Alama ilikuwa kulia. Macho yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyofifia pembeni, hilo pia hakuwahi kulijua.

Mama akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mpita njia, kisha akashusha sauti.

"Ndugu yangu, samahani, hebu sogea hapo. Mume wangu yuko nyuma anapiga picha, unamharibia."

Hakusogea. Alisimama pale pale machozi yakimtiririka, na mkewe akazidi kumpungia mkono, kwa upole, apishe.