Masizi ya Ndege ya Kopo

Juzi nilitoka nyumbani kwangu, mtaa wa Hamugembe, jambo la nadra, nikaona ndege ikitua, moshi umeacha michirizi myeusi nyuma ya injini. Nilirudi haraka kuiiga kwenye kindege changu cha plastiki. Ndiyo starehe yangu hiyo, kuchafua vitu vipya vionekane vimetumika, peke yangu.

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, kijijini Kishanda kwa bibi, mama akiwa Dar. Nilikuwa nikiipaka ndege yangu ya kopo masizi ya sufuria, yakinuka moshi na maharage.

"We mtoto, unaharibu kopo zuri!" bibi alifoka.

"Bibi, ndege inayong'aa haijawahi kumrudisha mtu. Hii imeshakwenda ikarudi. Mama ataipanda."

Sikujua kwamba ndege huchafuka hata kwa kwenda tu. Wala sikujua kwamba mama alikuwa ameolewa hukohuko, na bibi ameshaambiwa.

 Bibi akapitisha kidole chini ya sufuria, akapaka bawa la pili.