Kutoka Kitandani Mpaka Getini

Nianze na kaka yangu, maana nikimweka mwisho nitakuwa nimeshapoa, na sitaki kupoa.

Kaka anafanya kazi ya bima. Kazi yake ni kuingia katika nyumba za watu, kutazama juu na chini, na kuandika ni kitu gani kitaanguka lini. Ameifanya muda mrefu kiasi kwamba ukimkaribisha kiti, anakitikisa kwanza. Siku aliyokuja kumwona dada yetu, wiki ya pili tangu atoke hospitali, hata hakukaa. Alipita chumba kwa chumba, mikono nyuma, akigonga kuta kwa kidole. Kisha akasimama katikati ya sebule ya marehemu baba na kutangaza kwamba nyumba ivunjwe.

"Yote?" nikamuuliza.

"Yote. Imezeeka, ina nyufa kila kona, na hizi ngazi zitamuua dada. Nimeshaongea na mwenye tingatinga. Tutajenga fremu za maduka, na dada atakuja kukaa kwangu. Kuna chumba kizuri kule uani."

Chumba kizuri! Chumba hicho nakijua. Anahifadhia matairi.

Dada alikuwa papo hapo kwenye kochi, mkongojo magotini, akizungumziwa kama kabati linalotafutiwa pembe. Alimwacha mdogo wake amalize, halafu akasema neno moja.

"Thubutu."

Ili ulielewe neno hilo, umjue dada. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minne, kaka tisa, dada kumi na saba. Baba alishikwa na bumbuwazi la mwaka mzima. Dada akaacha shule, akaingia dobi la hospitali, na huko akafua mashuka kwa miaka thelathini na minane. Mashuka ya wazazi, ya wagonjwa, ya maiti. Ana mikono mipana na sauti iliyozoea kushindana na mashine, ndiyo maana wenzake walimwita Jemadari. Ametulea, ametusomesha, na shati la shule la kaka ndilo lililokuwa jeupe kuliko yote darasani. Leo shati hilo limesoma, limevaa tai, linakuja kumwambia akalale na matairi. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka.

Kiharusi kilimpata miezi mitatu baada ya kustaafu. Kilimwachia akili yote na ulimi wote, lakini mguu wa kushoto kikaunyang'anya nguvu. Anaweza kuuburuta na anaweza kuusimamia. Kuuinua juu, hapo ndipo penye kazi.

Na nyumba yetu ni ya kuinua miguu, hilo kaka hakusema uongo. Baba alikuwa tarishi wa ofisi, si mwashi. Kiwanja chetu kinateremka kutoka barabarani kwenda nyuma, na yeye hakuwa na nafasi ya kukisawazisha. Alianza na sebule. Watoto walipozaliwa akawa anaongeza chumba nyuma ya kingine, na sakafu ikawa inaifuata ardhi. Paa peke yake ndilo lililokwenda sawa. Kwa hiyo dada akitoka chumbani kwake, nyuma kabisa, anapanda ngazi moja kuingia korido, ya pili kuingia sebuleni, ya tatu kutokea barazani. Hakuna hata mbili zinazolingana. Sisi watoto wa nyumba hiyo tulizipanda na kuzishuka gizani, sinia mkononi, bila kutazama chini. Wageni ndio walioanguka. Mchumba wa kwanza wa dada aliikosa ngazi ya barazani akaingia sebuleni kwa magoti, na baba akadhani ni adabu.

Nyumba ni yetu watatu. Bila saini tatu halitoki hata tofali. Saini yangu mimi ilikuwa mfukoni mwa dada, na kaka alilijua hilo. Basi akageuka kumbembeleza.

"Dada, nakuhurumia tu."

"Huruma yako ina geti na ina kufuli," dada akamjibu. "Sikiliza, mdogo wangu. Nenda, urudi baada ya wiki kumi. Nikitoka kitandani kwangu mpaka getini kwa miguu yangu, bila kushikwa na mtu, tingatinga lako lisikanyage hapa milele. Nikishindwa, nitaweka saini mchana kweupe, nije kukulindia matairi."

Kaka akatazama ule mguu, akatazama ngazi. Nikaona anavyopiga hesabu ya kazini kwake. Akakubali haraka mno, na hilo ndilo lililoniuma.

Fundi tuliyempata ni mzee mmoja mwembamba anayeitwa Pimamaji, kwa sababu hatembei bila kile kipimo chake chenye kiputo cha maji. Alikiweka juu ya meza yetu kabla hajaweka kikombe. Alikagua nyufa zote, moja moja, akazitia ukucha, halafu akacheka.

"Hizi si nyufa za kuanguka. Baba yenu alijenga kila chumba peke yake, hakuzifunganisha kuta. Vinaachana tu pale kwenye viungo."

"Kwa hiyo havianguki?"

"Vitanizika mimi, mama. Kazi ipo kwenye sakafu. Lakini mbona usihamie kile chumba cha mbele? Ungepunguza ngazi mbili."

"Kuhama nihame ndani ya nyumba yangu? Nimekimbia nini?" dada akamuuliza, na fundi akanywa chai yake.

Mpango ukawa huu. Kwa kuwa paa lilikwenda sawa, dari ya vyumba vya nyuma ilikuwa juu sana, kwa hiyo tungeweza kuinua sakafu zote mpaka zilingane na baraza. Ukuta wa jikoni uliobana korido uvunjwe, milango ikatwe juu, na kifusi chote kirudi chini kujaza sakafu. Dada alisikiliza, akasema, "Leteni nyundo." Tukamwekea kiti mbele ya mlango wa chumba chake. Akakaa, akatanua miguu, akaipiga ile ngazi ya kwanza kwa mkono uleule uliokamua mashuka miaka yote hiyo. Pigo la tatu ikapasuka. Akaitukana tusi ambalo sitaliandika, kisha akampa fundi nyundo yake.

Wiki tatu tuliishi ndani ya vumbi. Vumbi kwenye chai, vumbi kwenye nywele, vumbi ndani ya mswaki. Ukuta wa jikoni ulipoanguka tuligundua kwamba marehemu alikuwa akiishiwa tofali anajazia chupa, makopo, na pedali ya baiskeli. Pimamaji alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu, kisha akavijaza vyote chini ya korido na kuvimwagia zege. Kaka alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza "kama bado mnaendelea na huo mchezo." Nilikuwa namkatia simu katikati ya sentensi. Najua si adabu. Nilikuwa nafurahi sana.

Sakafu ya chumba cha dada ilipopanda, dirisha nalo likashuka. Zamani lilikuwa juu ya kichwa, likionyesha mbingu tu. Sasa akikaa kitandani anaona nje. Hakuna aliyelipanga hilo. Dada alikaa akaangalia uani mchana kutwa, anatuita tumwone paka wa jirani.

Ugomvi wa vigae ulikuwa wa peke yake. Mimi nilitaka vile vinavyong'aa, vyenye mishipamishipa, kama vya benki. Dada akasema twende dukani, akabeba chupa mkobani. Muuzaji alitupokea kwa bashasha, akatandika kigae kimoja chini na kuanza kukisifu. Dada akafungua chupa yake, akamwaga maji ya sabuni juu ya kigae.

"Simama hapo," akamwambia muuzaji.

"Mama?"

"Si unasema kizuri? Simama."

Muuzaji akakanyaga, mguu ukamkimbia, akadaka rafu. Dada akamwaga kwenye kingine, na kingine, mpaka duka likanuka kama dobi. Miaka thelathini na minane amesimama kwenye sakafu yenye povu, hakuna mtu wa kumfundisha kigae kipi kinashika mguu. Tulirudi na vya kijivu, vya kukwaruza, vibaya kama mkate uliochacha. Nilinuna njia nzima. Pimamaji akavitandika vyote kwa siku sita, kiputo katikati, toka kitandani mpaka barazani, na toka barazani akamwaga zege la kukwaruza mpaka getini.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Tukamwinua dada, tukamwachia. Akatembea chumbani vizuri, kong, buruta, kong, buruta. Akafika mlangoni pa korido, na hapo akaanguka, kwenye sakafu iliyonyooka kama karatasi.

Nilipiga ukelele. Nyonga ilivimba, kiwiko kilichubuka, na mimi nikalia kuliko mgonjwa. Nikasema labda kaka ana haki, labda hiyo nyumba ina roho mbaya. Nilikata tamaa, sitaficha.

"Nyamaza," dada akasema akiwa chini. "Inuka, pita hapo mlangoni."

Nikapita, huku nafuta kamasi. Na mguu wangu, bila kuniuliza, ukainuka juu, ukatafuta ngazi iliyovunjwa, ukaikosa, ukatua kwa kishindo. Nikayumba.

"Umeona?" akasema. "Pimamaji, pita wewe." Fundi akapita kama anayepita barabarani, wala hakuinua kitu.

Kumbe ndiyo hivyo. Ngazi tulikuwa tumezitoa kwenye sakafu, kwenye miguu yetu zilikuwa bado zimo. Mimi nina mguu mzima, nayumba tu. Dada akijaribu kuuinua ule mguu mbovu kwa ajili ya ngazi isiyopo, anakwenda na maji.

Alimwambia fundi abandue vigae mahali pale penye ngazi za zamani, aweke mistari mitatu ya vigae vyekundu. Fundi akalalamika kwamba nyekundu itaharibu sura ya nyumba. Dada akamwambia sura ya nyumba atakwenda kuitazama kwake. Kisha akaanza kuufundisha mguu. Asubuhi mara kumi, jioni mara kumi. Akiukaribia mstari anaufokea kwa sauti ya dobini, "Chini! Buruta! Chini!" Majirani walidhani tumefuga mbwa. Alianguka tena mara mbili. Sikulia tena, nilimwekea barafu na kumtukania kaka.

Kaka alikuja siku ile ile aliyotajiwa, saa nne asubuhi, na mwenye tingatinga pembeni yake. Mashine yenyewe ililetwa mpaka barabarani, ikaegeshwa mbele ya geti letu. Nilimwangalia hivi, sikuamini. Alikuwa na hakika kiasi hicho. Akaingia kwa njia ya uani, kwa mlango wa nyuma wa chumba cha dada, akasimama kando ya kitanda.

"Dada, hakuna haja ya kujiumiza mbele za watu," akasema, na nakiri sauti yake ilikuwa na woga wa kweli. "Acha tu. Nitakuwa nyuma yako, nikudake."

"Usiniguse. Ukinigusa haihesabiki."

Akasimama. Kong, buruta. Akapita kitanda, akapita kabati. Kaka nyuma yake, mikono imetangulia kama anayefukuza kuku. Mimi nilikuwa korido, nimeuma kidole. Dada akafika mstari wa kwanza, akanong'ona, "Chini," mguu ukaburuzika juu ya nyekundu, akavuka.

Nyuma yake kaka naye akafika mlangoni. Miaka ishirini hajalala katika nyumba hiyo. Macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa dada, hakutazama chini, na mguu wake wenye kiatu cha ngozi ukainuka juu kabisa, urefu kamili wa ile ngazi ya baba. Ukakosa. Kaka akaenda mbele mzima mzima, akamdaka dada begani kwa mikono miwili.

Mkongojo ulilalama, dada akainama, goti la kulia likatetemeka. Hakuanguka. Alibaki pale, mkono mmoja ukutani, amembeba mgongoni mtu mzima mwenye tai, mpaka yule mtu akapata miguu yake.

"Umeshapona?" akamuuliza bila kugeuka.

"Nimeshapona," kaka akasema kwa sauti ndogo.

"Basi niachie. Hapo hamna ngazi tena."

Akamwachia. Dada akaenda. Mstari wa pili, chini. Sebule. Mstari wa tatu, chini. Baraza, jua, zege la kukwaruza. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na mimi nilitembea pembeni nikiwa nimefunga mikono yangu nyuma isije ikajisahau. Alipofika getini alilipiga kofi moja, bati likalia mtaa mzima. Dereva wa tingatinga akashtuka kwenye kiti chake.

"Haya, bosi anasemaje?" mwenye mashine akauliza. "Imehesabika, kwani? Maana nasikia kulikuwa na kushikana huko ndani."

"Alishikwa," kaka akasema kutoka ndani. "Mimi ndiye niliyeanguka. Ondoa mashine."

Tukageuka. Alikuwa bado korido, hajatoka, amesimama mbele ya mstari wa pili akiutazama kwa makini. Akashika ukuta. Akavuta pumzi, akapiga hatua, na mguu ukainuka tena.

"Chini!" dada akamfokea toka getini. "Buruta!"